Futa Isiyohusika

Kuna namna tatu za mtu kuwa mahali, na karani alituletea fomu yenye namna moja. Yupo, yaani yupo hapa, unaweza kumnyooshea kidole. Yuko, yaani yuko huko aliko, hujui ni wapi wala anafanya nini, ila yuko. Na yumo, yaani yumo ndani ya kitu, na ukikifungua kitu hicho utamkuta. Mtoto anayeanza kusema hachanganyi hizi tatu. Mimi nimekaa nazo mdomoni maisha yangu yote bila kuzishukuru, kama tunavyokaa na meno, mpaka alasiri ile ya fomu. Ndipo nilipojua kwamba lugha yetu ingekuwa na mbili tu, ningempoteza mtu niliyempenda. Samahani kwa kuanza na sarufi. Wenzangu husema kila hadithi yangu huanza kwa kukohoa.

Wenzangu ni watatu na chumba ni kimoja. Kiko juu ya karakana ya Machano, fundi friji, na ndani yake daima ni saa kumi ya alasiri. Ukiwa kwenye ngazi unaweza kukutana na asubuhi, au mvua, au mwaka mwingine kabisa. Ukivuka kizingiti unalikuta jua liko dirishani pale pale ulipoliacha, linagusa pembe ya mkeka. Machano anasema tumeigandisha saa hiyo ili isiharibike, na anajivuna kana kwamba ni kazi ya mikono yake. Bi Kazija, muuza vitumbua, anasema hakuna cha kugandisha: saa kumi ni saa ya watu waliokwisha fanya kazi zao, wana haki ya kukaa humo wapendavyo. Mimi sina nadharia. Naingia, navua viatu, nakaa.

Wananiita Rafu. Jina la kuzaliwa nilikuwa nalo, lakini nadhani nililiacha ndani ya moja ya hadithi tulizosoma zamani. Niliingia nalo nikatoka bila. Rafu kwa sababu ninatunza rafu yetu ya vijitabu. Na rafu, anasema Machano, kwa sababu ya namna ninavyocheza nikiona nashindwa kwenye mjadala.

Tunasoma hadithi fupi za mambo ambayo hayajawa na za mambo yasiyoweza kuwa. Za sayansi ya kubuni upande wa kushoto wa rafu, za ajabu upande wa kulia, na katikati zile ambazo tungali tunazigombania. Huja bila jina la mwandishi, karatasi za kahawia zilizobanwa pini zenye kutu, tunazikuta mlangoni. Anayesoma husema paukwa, wengine hujibu pakawa, ndivyo tulivyolelewa sote hata hadithi iwe ya chombo kinachopasua anga. Akimaliza tunaanza kugombana. Naomba niseme ukweli: hadithi ni kisingizio. Tunachokipenda ni ule ugomvi.

Kulikuwa na hadithi ya mji uliochoshwa na vivuli vyake, ukavikunja ukavifungia kabatini, na watu wakakosa pa kupumzika jua likiwaka. Kulikuwa na ya cherehani iliyoshona jana ikaiunganisha na kesho, na leo ikabaki pindo jembamba ambalo hakuna aliyeweza kusimama juu yake. Na kulikuwa na ile ya baba aliyesafiri kwenda nyota ya mbali kwa mwendo mkali hata akarudi akiwa mdogo kuliko mwanawe wa kumzaa. Wamesimama uwanjani wanatazamana, kijana wa miaka thelathini na mzee wa sabini, na hakuna anayejua nani amwamkie nani shikamoo. Hiyo ilitugharimu vikao sita.

"Shikamoo inafuata miaka," alisema Machano. "Mzee ni yule wa sabini. Hesabu ni hesabu."

"Hesabu peleka kwenye friji zako," alisema Bi Kazija. "Aliyekubeba mgongoni ni aliyekubeba, hata arudi ananyonya."

"Na hewa? Mwandishi hasemi huko kwenye nyota hewa walipata wapi."

"Wewe Machano, ukifika peponi utauliza hewa."

Hivyo ndivyo walivyo. Machano hukagua kila hadithi kwa swali la hewa. Bi Kazija husamehe hewa, husamehe majini, husamehe ng'ombe anayesoma gazeti, ila hasamehi ulegevu. Jini akiwa na kwato ukurasa wa kwanza, husema, asije akavaa viatu ukurasa wa tisa. Nimewasikiliza wawili hawa kwa miaka ambayo siwezi kuihesabu kwa sababu yote ilikuwa saa kumi, na bado nikipanda ngazi moyo wangu hukimbia mbele yangu.

Watatu niliosema. Wa tatu ni Sikujua, na hapa ndipo jambo lenyewe lilipo.

Siku moja mlangoni palikuwa na hadithi iitwayo "Mgongo wa Mwezi". Inasema hivi. Upande ule wa mwezi usiotutazama kamwe, watu walikwenda kutundika taa, ili upande huo nao usijisahau. Taa ni nyingi na tambi zake huungua, kwa hiyo walikuwa na fundi, mwanamke, ambaye kazi yake ni kutembea kutoka taa hadi taa akikata tambi na kufuta vioo. Siku ya kurudi nyumbani, chombo kikiwa tayari, yeye alikuwa kwenye taa za mwisho kabisa. Walimpigia kelele kwa chombo cha kusemezana: tunakwenda, tunarudi sasa hivi. Na mtu wa lugha hii akikwambia anarudi sasa hivi, tandika ulale. Fundi akaendelea na taa zake. Akafuta, akakata, akafuta. Halafu siku moja akainua macho, akaona

na ukurasa wa mwisho haupo. Pini imebaki na kipande cha karatasi kama ukucha.

Aliona nini? Machano alisema aliona hewa imekwisha. Mimi nilisema aliona chombo. Bi Kazija hakusema aliona nini. Yeye alikuwa akiuliza tu, "Halafu?"

"Halafu nini, Kazija? Ukurasa haupo."

"Najua haupo. Nauliza halafu?"

Vikao vitatu aliuliza hivyo. Kikao cha nne, katikati ya zogo, mlango ulifunguliwa na mwanamke akasimama kizingitini, vidole vyake vimejaa masizi. Machano alidhani ni mgeni niliyemwalika mimi, akamwuliza, "Mbona umechelewa?" Papo hapo Bi Kazija naye akamwuliza, "Jina nani, mwenzetu?" Mwanamke akatoa jibu moja kwa wote wawili.

"Sikujua."

Machano akaridhika kwamba hakujua saa ya kikao. Bi Kazija akaridhika kwamba huyu ni Sikujua, kwani si alikuwa na binamu wa jina hilo hilo? Akasogea, mgeni akakaa. Mpaka leo hajalikanusha jina, wala hajaeleza lolote. Lakini alipokaa aliivuta ile chemli iliyozimwa tunayoiweka pembeni kwa mazoea, akatoa kitambaa, akaanza kufuta kioo, na sisi watatu tukatazamana. Hadithi iliyokuwa mikononi mwangu iliteleza ikaanguka. Hakuna aliyeiokota mpaka alipoiokota yeye.

Nilimpenda. Nalisema wazi maana nimeshapita umri wa kuzungukazunguka. Nilipenda namna alivyosikiliza, shingo yote ikiwa imeelekea kwa msomaji. Nilipenda namna alivyogeuza kurasa kwa kiganja kizima na kuacha alama ya masizi, hata rafu yangu sasa ina vijitabu vyenye viganja. Hakusema sana. Akicheka alichelewa kidogo, kana kwamba kicheko kilitoka mbali. Sikuwahi kumwuliza chochote kuhusu mwezi, na hilo ndilo jambo pekee la adabu nililowahi kufanya maishani.

Sasa karani.

Mji wetu una Ofisi ya Uwepo. Kila baada ya muda ambao hatuambiwi, makarani hupita nyumba hadi nyumba na fomu ya mistari mitatu. Wa kwanza: Jina la mhusika. Wa pili: Yupo / Hayupo, na chini yake kwa herufi ndogo, Futa isiyohusika. Wa tatu: Saini ya mhusika. Basi. Ukifutiwa Hayupo, ukaachiwa Yupo, unaendelea kuishi. Ukifutiwa Yupo, hakuna anayekuja kukukamata, hakuna kelele. Wiki ya kwanza salamu zako hazijibiwi. Ya pili, milango uliyoizoea haikusikii ukibisha. Ya tatu, waliokupenda wanaanza kupanga viti bila chako. Palikuwa na kinyozi kwenye kona ya mtaa huu. Najua alikuwapo kwa sababu nikipita pale nasikia mkasi na kunusa poda, na ukutani hakuna mlango.

Karani alipanda ngazi akahema, akabisha hodi. Tulimkaribisha kwa sababu hatukujua. Bi Kazija akamwambia, "Karibu mwanangu, vua viatu," akavua, na soksi yake ya kushoto ilikuwa na tundu ambamo kidole gumba kilichungulia. Akatuamkia wote kwa mkupuo mmoja, shikamooni, tukamwitikia marahaba. Akakaa kwenye ukingo wa mkeka, akafungua mkoba. Hapo tukaiona fomu.

"Naitwa Modesta, karani wa Uwepo. Naomba namba zenu."

Machano akatoa ya kwake. Bi Kazija akaitoa ya kwake kutoka kwenye pindo la kanga. Mimi nilisahau namba, akaitafuta kwenye daftari lake, akaiona, akaniachia Yupo. Kisha akamgeukia Sikujua.

"Namba sina," alisema Sikujua.

"Umezaliwa wapi, mama?"

Jua lilikuwa kwenye pembe ya mkeka. Nilimtazama Machano, Machano akamtazama Bi Kazija, na Bi Kazija, Mungu amhifadhi, akasema, "Ukurasa wa kwanza, mstari wa tatu."

"Kazija!"

"Nimdanganye? Mambo mengine nadanganya, Machano, unanijua. Kwenye hadithi sidanganyi."

Karani Modesta hakucheka wala hakukasirika. Nafikiri alikuwa ameshasikia mengi kwenye ngazi za mji huu. Alimtazama Sikujua mikono, akatazama ile chemli, kisha akashusha macho kwenye karatasi. "Mama," alisema kwa upole, "mimi fomu yangu ina maneno mawili. Bila namba siwezi kuliacha hili la kwanza. Lazima nifute isiyohusika."

"Naelewa," alisema Sikujua. Akaendelea kufuta kioo.

Lile naelewa. Ningependa kusema nilisimama nikahutubia. Sikusimama. Nilikuwa nikifikiri mambo yasiyofuatana: hayupo, ha-yupo, herufi mbili mbele na mtu amekwisha. Nani atafuta kioo? Nani aliamua kwamba kuwa ni kuonekana na karani? Mimi mwenyewe nipo kwa sababu ya daftari la msichana mwenye soksi mbovu. Wiki tatu. Wiki tatu, halafu nitasoma hadithi ya taa na kushangaa viganja hivi vya masizi ni vya nani. Nitasema ni uchafu. Nitachukua kitambaa nivifute, mimi mwenyewe, kwa mkono huu.

Nikacheza rafu.

"Mwanangu," nilimwambia karani, "umetukuta kikao kimeshafunguliwa. Humu hakiandikwi kitu mpaka hadithi isomwe. Sikiliza moja, halafu andika utakavyo." Utaratibu huo haukuwapo. Niliutunga hapo hapo, na Machano akatikisa kichwa kwa uzito kama mtu aliyeukuta kwa babu zake.

"Kusikiliza si kosa," alisema Modesta. "Ila msiniulize kitu. Sheria yetu ni moja: karani huuliza, haitikii."

Nikanyoosha mkono kwenye rafu, upande wa katikati, nikaishika "Mgongo wa Mwezi". Sikuwa na mpango. Nilitaka tu asikie yule atakayefutwa alitoka katika maneno gani. Nikakohoa, kama kawaida yangu.

"Paukwa!"

"Pakawa!"

Jibu halikutoka kwetu. Lilitoka ukingoni mwa mkeka, kwa sauti nyembamba, ya haraka, sauti ya mtoto aliyekuwa akingoja na magoti yake kifuani. Modesta alijifunika mdomo kwa mkono wenye kalamu na kujichora wino shavuni. Hatukumcheka. Angejizuia vipi? Hilo neno hatujibu sisi, hujibu wale watoto waliobaki ndani yetu, na wao hawajui sheria za ofisi yoyote. Sijapata kumwona aliyeweza kulinyamazia.

Nikasoma. Nilisoma polepole, taa kwa taa. Nilipofika kwenye chombo kinachoondoka, karani alikuwa amesogea toka ukingoni. Nilipofika pale fundi anapoinua macho, nikanyamaza, kwa sababu hakuna zaidi.

"Enhe?" alisema Modesta.

"Ukurasa haupo," alisema Machano. "Na kabla hujasema lolote, jiulize hewa alipata wapi."

"Hewa siijui. Mimi nauliza, hicho chombo hakikuwa na orodha ya abiria? Kabla ya kuondoka hawakuhesabu watu?"

"Walihesabu," alisema Bi Kazija. "Yeye alikuwa kwenye taa za mwisho."

"Basi wangengoja! Mtu yuko kazini, haonekani, wewe unaandika..." Akasita. Kalamu ilikuwa bado mkononi. "Unaandika hayupo," alimalizia, na sauti ikamshuka.

Huo ndio ulikuwa ugomvi mzuri kuliko wote katika chumba kile, na haukuwa na kelele. Machano alisema, kwa upole ambao sijawahi kumsikia nao, kwamba karani wa chombo hakuwa mtu mbaya, alikuwa na karatasi ndogo. Bi Kazija akasema hilo linategemea kama alijaribu kuandika pembeni. Modesta akauliza kama kuna anayejua hasa yule fundi aliona nini. Sisi watatu tukatazama mkeka. Na Sikujua, ambaye kwa vikao vyote vile hakuwahi kuigusa hadithi ile kwa neno, akaiweka chemli chini.

"Sikuona chombo," alisema. "Nilikuwa nimekwisha kata tamaa ya chombo. Nilisikia mtu anauliza halafu. Mbali sana, sauti ya mtu anayebishana. Halafu? Halafu? Nikaona pale ulipoishia ukurasa pana njia, kwa sababu kuna mtu upande wa pili anataka kuendelea. Nikaweka kitambaa begani nikaifuata." Akamtazama Bi Kazija. "Ilikuwa sauti yako. Sikuwahi kukushukuru."

Bi Kazija, mwanamke ambaye hajawahi kukosa neno, alishika pindo la kanga akalia waziwazi. Na mimi nililia, na sioni haya. Machano alikwenda dirishani kukagua dirisha.

Baada ya muda Modesta alisema, "Bibi yangu nilimwandika mimi."

Hatukumwuliza. Sheria yake tuliiheshimu.

"Bibi Nyamizi. Ilikuwa wiki yangu ya kwanza kazini. Alikuwa halali hospitali wala nyumbani, alikuwa ameshafariki siku nne nyuma, na mtaa wake ukaangukia mkoba wangu. Nilifuta Yupo. Ilikuwa sahihi kabisa, nilipongezwa. Sasa najaribu kuiona sura yake nakuta ukuta. Sijui kama alikuwa mrefu. Sijui alicheka vipi. Kitu pekee kilichobaki ni hicho ulichosema wewe, baba. Paukwa. Bila mdomo, bila uso, hilo neno peke yake linatoka gizani na mimi najibu." Akafuta wino shavuni, ukazidi kuenea. "Nilipokuitikia sikukuitikia wewe."

"Nimeelewa, mwanangu," nilisema.

Machano alirudi kutoka dirishani na uso wa ufundi. Akachuchumaa mbele ya fomu, akaisoma kama anavyosoma friji, kuanzia nyuma. "Hapa imeandikwa futa isiyohusika," alisema. "Haijaandikwa futa moja. Yupo inamhusu huyu?"

"Haimhusu. Hana namba."

"Hayupo inamhusu? Si huyu hapa amewaliza watu wazima?"

"Haimhusu," alisema Modesta.

"Basi zote mbili hazihusiki. Mimi fundi friji tu, lakini kifaa kisichohusika tunatoa."

Modesta aliitazama fomu kwa muda ambao nje, ngazini, ungeweza kuwa mwaka. Kisha akapiga mstari juu ya Yupo. Akapiga mstari juu ya Hayupo. Pembeni, mahali pasipo na kisanduku wala nukta, akaandika kwa mwandiko wa shule, herufi zikilala kidogo: Yumo. Akafikiri. Akaongeza: humu.

"Saini ya mhusika," alisema, akimwelekezea kalamu.

"Hapo mmepata mwenyewe," alisema Bi Kazija, macho bado mekundu. "Mhusika zaidi ya huyu mtampata hadithi gani?" Sikujua hakuichukua kalamu. Aliweka kiganja kizima.

Modesta alipokuwa akivaa viatu nilimwuliza watamfanya nini huko ofisini kwa fomu kama ile. Alisema watampa likizo. Nilijua si kweli, na nilimwacha ashuke. Hilo nalikiri hapa, kwa sababu katika masimulizi yangu mengine huwa nasema nilimsindikiza mpaka chini.

Karani anayeharibu fomu hujaziwa ya kwake.

Wiki ya kwanza tulimzungumza kila kikao. Wiki ya pili Machano aliuliza, ni nani yule aliyekuwa na maoni kuhusu orodha ya abiria? Wiki ya tatu tulikuwa wanne kwenye mkeka na tulikuwa tumekuwa wanne daima. Katika daftari langu la mijadala kulikuwa na mstari kwa mwandiko wangu mwenyewe: Mgeni aliitikia kabla yetu. Niliusoma mara mbili, nikadhani niliandika nikisinzia. Nasimulia haya sasa kwa utulivu kana kwamba nilijua. Sikujua lolote. Nilikuwa nimekunja soksi yenye tundu na wino wa shavuni na sauti ile nyembamba nikavifungia kabatini, kama wale watu wa mji wa vivuli, na joto sikulisikia.

Sikujua ameniambia baadaye kwamba siku moja ya wiki hiyo hodi ilipigwa mara tatu. Yeye, ambaye fomu haimhusu, alisikia; alitutazama mmoja mmoja, akaona hatusikii. Tulikuwa tukibishana juu ya samaki anayeota kwamba ni mvua. Alitaka kuinuka. Alijizuia, anasema, kwa sababu alikumbuka kwamba yeye hakufunguliwa mlango na mtu aliyemjua: aliifuata sauti, akaingia mwenyewe.

Basi nje ya mlango, baada ya hodi ya tatu, viatu vikavuliwa. Halafu mtu akavuta pumzi, mtu ambaye maisha yake yote amekuwa akijibu tu, hajawahi kuwa wa kwanza.

"Paukwa!"

"Pakawa!" tulisema. Wote wanne, kwa pamoja, Machano akiwa na kitumbua mdomoni.

Mlango ulifunguka. Alikuwa amesimama kizingitini viatu mkononi, hana mkoba, na kidole gumba kilichungulia kwenye soksi ya kushoto. Nilikiona hicho kidole kwanza. Kutoka hapo vingine vikaja vyenyewe kwa mkururo, soksi, wino, Yumo, humu, na jina. Bi Kazija alipiga kelele, "Modesta, mwanangu!" na kumshika mikono yote miwili, akamgombeza kwa kukonda, akamgombeza kwa kuchelewa. Machano akasogea, mimi nikasogea. Mkeka ule niliuona siku zote kuwa wa watu wanne. Alikaa, akatosha.

"Hadithi ninayo," alisema. "Lakini siijui. Ina mstari mmoja tu."

"Tumezoea," alisema Machano.

Akafunga macho. Mikono yake ilikuwa magotini. "Palikuwa na bibi mmoja," alisema, "akiitwa Nyamizi."

Tulingoja. Niliona akitafuta ukutani kwake, akipapasa, hakuna mlango, hakuna dirisha. Midomo yake ilianza kukunjamana. Jua lilikuwa kwenye pembe ya mkeka.

Sikujua alimwekea kiganja chake cha masizi juu ya goti, akainamisha shingo yote upande wake.

"Halafu?" aliuliza.